Maji ya Mwakani

Haya, aliye mbali asogee, mwenye kelele anyamaze.

Ukame ulipozidi, wanakijiji waliwekeana mwiko: kamba ya kisima isirefushwe, kwani yaliyo chini zaidi ni maji ya mwakani. Lakini Sichana aliona vitunguu vyake vinakauka. Alfajiri akaunga kanga yake kwenye kamba, akachota.

Zimwi la kisima likauliza, "Nani anachota ya mwakani?"

"Ni upepo tu," akajibu.

Kesho yake likauliza tena, akajibu vile vile. Mara ya tatu likauliza, na ndoo ikapanda na tope.

Watu walipoona tope, wakamvamia Mzee Ngasu, mwenye ng'ombe wengi. "Wewe na mifugo yako mmetumaliza!" Wakamfukuza. Alipopita na ndama begani, Sichana aliinamia vitunguu vyake.

Jioni akakata kitunguu. Kikatoa maji hadi sufuria ikafurika, nayo yakanong'ona: "Ngasu, Ngasu." Akavibeba vitunguu vyote, akavimwaga kisimani, akalia mbele ya watu, "Ni mimi!"

Zimwi likasema, "Maji nitayarudisha mimi. Ngasu mrudishe wewe."

Maji yakapanda. Sichana akaondoka. Ukisikia mwanamke anaita nyikani, ndiye huyo, bado hajaitikiwa.