Uso wa Damiani katika Marumaru

Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Rumi, zamani kabla ya kuja sharia yetu hii tukufu, alikuwako mja mwema akiitwa Sarjuni, mchongaji wa marumaru. Alimwabudu Mola mmoja, wala hakupata kuchonga sanamu ya kuabudiwa. Alichonga nyuso za watu, kwani wakubwa wa mji ule walikuwa na desturi ya kuweka barazani nyuso za wazee wao, ili mgeni aingiapo ajue kuwa hawa ni watu wa nasaba.

Akaitwa na Kustasi, aliyekuwa ametoka kupewa uliwali wa mji. Marehemu baba yake, Damiani, alikuwa mkata mawe machimboni, na Sarjuni aliwahi kufanya kazi pamoja naye ujanani.

"Nichongee baba yangu," akasema Kustasi. "Ila lile kovu la shavuni usilichonge, na pua iliyovunjika uinyooshe. Awe na sura ya bwana mkubwa."

Sarjuni akainamisha kichwa. "Bwana Liwali, kovu lile alilipata akikutafutia riziki. Nikilifuta, nitakuwa nimetoa ushahidi wa uongo kwa mkono wangu. Namwogopa Mwenyezi Mungu."

Liwali akaghadhibika. Kazi akapewa mchongaji mwingine, na Sarjuni akapelekwa machimboni kuburura mawe pamoja na vibarua. Akasubiri. Mabega yalimchubuka kwa kamba, lakini hakujutia neno lake, na kila aliposujudu alihisi moyo wake ni mweupe.

Sanamu ilipokwisha, vibarua ndio walioibeba hadi barazani, Sarjuni akiwa miongoni mwao. Wakubwa wote wa mji walikuwa wamekaa. Akaletwa Bibi Takla, mjane wa Damiani, ambaye uzee ulikuwa umempofusha. Akaipapasa sanamu, paji, pua, shavu. Akalirudia shavu.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Mimi simjui huyu," akasema, na baraza zima likasikia. "Wewe nilikuzaa na Damiani, mkata mawe, katika ndoa ya halali. Mbona unanitafutia mume mwingine mbele za watu?"

Kustasi akalowa jasho. Ndipo alipofahamu kwamba, kwa kuionea haya kazi ya baba yake, amemvunjia heshima mama yake. Akamwendea Sarjuni palepale, kamba ingali begani mwake.

"Nisamehe, mzee wangu. Mchonge kama alivyokuwa."

Sarjuni akamchonga. Siku ya kuwekwa sanamu, wakata mawe waliingia kwa mlango wa mbele, na vumbi lao miguuni. Bibi Takla akaligusa kovu, akacheka huku machozi yakimtoka. "Ndiye," akasema. Liwali akasimama mbele ya wakubwa wenzake, akapaza sauti: "Huyu ni baba yangu. Marumaru ya kuta za majumba yenu, yeye ndiye aliyeikata."

Ndugu zangu katika imani, chumo la halali halihitaji kufichwa wala kupambwa. Tukiulizwa sisi ni wana wa nani, Mola atujaalie ulimi wa kuwataja wazazi wetu na kazi zao, vichwa vyetu vikiwa juu.