Kilichoyahamisha Macho ya Bundi

Sogeeni mnisikie, na mwenye ushemeji na bundi azibe masikio, maana leo sitamung'unya maneno.

Zama hizo bundi alikuwa na macho ubavuni, moja kila upande, kama njiwa na kanga. Kwa macho hayo ndege walimpa uhakimu. Desturi yao ilikuwa hivi: hakimu anatua kwenye tawi lililoinamia mto, mlalamikaji kushoto kwake, mlalamikiwa kulia, na mdomo wa hakimu unaelekea mtoni. Jicho moja kwa huyu, jicho moja kwa yule. Akigeuza mdomo kabla wote hawajamaliza kusema, kesi inafutwa, inaanza upya. Waliiita kushika mto. Hakimu aliyeshika mto hakujali nani ana manyoya ya kung'aa na nani ametoka matopeni. Sistimu safi kabisa, haina konekshen, haina "huyu ni wetu". Sijui kwa nini mtu alidhani ingedumu.

Basi Fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, alikuwa amemaliza nyumba yake juu ya mgunga wa kando ya mto. Nyumba ya vijiti, ndani imekandikwa matope, paa la kuhimili masika. Akataga humo. Alipokwenda kutafuta vyura, mpwa wa hakimu Bundi, kijana asiyejua hata kushika kijiti, akajipenyeza ndani akalala. Fundichuma aliporudi alikuta makucha mlangoni.

"Mama, umepotea njia," kijana akamwambia. "Hapa kwangu."

"Kwako? Na mayai hayo umetaga wewe?"

"Nimeyakuta. Nitakutunzia mpaka kesi iishe."

Mawingu ya masika yalikuwa yameshatanda, na mayai yasiyolaliwa hayangoji. Fundichuma akaruka moja kwa moja kwa hakimu.

Ndege wote wakaja. Bundi akatua, akaelekeza mdomo mtoni, kimya, heshima tupu. Fundichuma kushoto, mpwa kulia. Mama wa watu akaeleza alikookota kila kijiti, akaeleza udongo wa kukandikia aliutoa ukingo gani. Lakini wakati akisema, yule kijana akaanza kusogea kwenye tawi. Kidogo. Tena kidogo. Mpaka akawa mbele ya pua ya mjomba wake, kama aliyeitwa chai. Jicho la kulia la Bundi likamfuata. Na la kushoto nalo, lililopaswa kubaki kwa Fundichuma, likateleza likavuka shavu kwenda kumtazama mpwa. Mdomo haukusogea hata unywele.

"Mheshimiwa, mbona hunitazami?" Fundichuma akauliza.

"Mdomo wangu uko wapi?"

"Mtoni."

"Basi utaratibu umefuatwa. Endelea."

"Mpe kijiti kimoja tu akichomeke ukutani. Kimoja, wote tuone."

Bundi akasafisha koo. "Hapa hatuangalii ufundi, mama. Tunaangalia uzoefu. Nani ana uzoefu wa kulala ndani ya nyumba hii?"

"Mimi, mjomba," kijana akasema, kisha akajirekebisha, "mimi, mheshimiwa."

"Nyumba ni yake. Next!"

Mnadhani ndege walipiga kelele? Njiwa alikagua vidole vyake. Kanga akakumbuka ana vifaranga. Shorewanda, ambaye siku zote hanyamazi, siku hiyo alikauka koo. Na kabla baraza halijatawanyika, mpwa akaingia nyumbani kwake kupya, akaona mayai yanambana, akayasukuma nje kwa kisigino. Yakaangukia mtoni, mto uleule ambao hakimu alikuwa ameushika.

Hapo Bundi akataka kuyarudisha macho ubavuni. Yakagoma. Akayavuta, akayakunja, akayafinya. Yakaganda palepale mbele, hayasogei wala hayazunguki, yakimtazama mpwa aliyekwisha kuondoka.

Na tangu siku hiyo bundi akitaka kuona kilicho upande wa pili hugeuza shingo nzima mpaka mgongoni, na wajinga husema ni busara. Hajui kujenga kiota. Huingia vya wenzake. Akionekana mchana, ndege wadogo humzunguka wakimzomea kwa makelele yaleyale waliyoyameza barazani. Yeye hutulia tu, anangoja jua lizame awale.

Fundichuma hamzomei. Utamwona ana kijiti mdomoni, anajenga nyumba nyingine, halafu nyingine tena, nyingi kuliko mahitaji ya ndege yeyote. Na kwenye tawi la jirani bundi ameketi, macho yote mawili kwenye ule mlango mdogo, anasubiri amalize kukandika.