Pampu Iliyowaka Yenyewe

Leo nawapa mzee mmoja na mke wake. Mkae nao kidogo. Na wewe hapo mlangoni mwa kanisa, weka simu mfukoni, WhatsApp haitahama.

Mzee huyu alikuwa na kisima nyuma ya nyumba, na pampu ya stima ya kuvutia maji. Siku moja ile swichi ndogo ya elektroniki, inayoipa mota msukumo wa kwanza, ikafa. Ukiwasha, mota inanguruma tu, mmmm, haizunguki. Mzee akagundua dawa: anapenyeza kijiti kikavu kwenye feni ya nyuma, anaisukuma chap, mota inashika, maji yanapanda. Ikawa ndiyo kazi yake kila alfajiri. Majirani wanafika na mitungi: "Injinia! Tuamshie mashine!" Naye anatoka kifua mbele. Kiwanda alichofanyia kazi kilishafungwa, simu yake ilikuwa hailii tena hata kwa bahati mbaya, lakini pale kisimani, boss, alikuwa mtu.

Mkewe alikuwa akimtazama kutoka jikoni. Aliuona ule mkono umeanza kutetemeka. Wiki iliyopita feni ilikipokonya kijiti, ikaondoka na ukucha. Yeye ndiye aliyekifunga kidole kwa kitambaa, akijiuliza: je, kesho haitachukua kidole chenyewe?

"Baba Khisa, tuite fundi abadilishe hiyo swichi."

"Ya nini? Mashine hii inanijua mimi."

"Inajua na damu yako pia."

"Mama Khisa, niache na kazi yangu."

Alisema "kazi yangu" kwa sauti ambayo mama hakuwa ameisikia tangu kiwanda kifungwe. Akarudi jikoni.

Siku mzee alipokwenda matangani ng'ambo ya mto, mama akamwita fundi. Fundi akakata stima, akafungua kifuniko, akazipiga nyaya picha kwa simu ili zisimchanganye baadaye, kisha akachomoa kiboksi cheusi kilichoungua.

"Mama, ni haka tu? Na mmeteseka hivi?"

"Wewe funga kipya. Maswali utauliza ukioa."

Stima ikarudi. Mota haikusita hata kidogo. Ilizunguka papo hapo, maji yakaanza kumwagika kwenye tangi. Mama alipaswa kufurahi. Badala yake alijiona kama mtu aliyeuza ng'ombe wa mwenziwe.

Jioni mzee akaingia uani, akasikia maji. Akasimama.

"Nani ameiamsha?"

"Imeamka yenyewe. Nimeweka swichi mpya."

Mzee akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakufoka. Heri angefoka! Alisema polepole, "Basi. Sasa hata hapa sina kazi. Mimi ni wa nini, Mama Khisa?"

Haya, niwaulize ninyi. Mngemjibu nini? "Utapata kitu kingine, mzee"? "Mungu ana mpango"? Tunavyopenda kuwamwagia watu maneno yasiyo na chumvi!

Mama hakumpa hata moja. Alichuchumaa mbele yake, akaushika ule mkono wenye kitambaa. "Miaka yote hii nikiamka nakuta upande wako wa kitanda umepoa. Chai nakunywa na ukuta. Maji nilikuwa nayapata, mume wangu. Wewe ndiye nilikuwa sikupati." Akakikaza kile kitambaa. "Kesho lala mpaka jua litoke. Sina kazi ya kukupa. Nakutaka wewe tu."

Mlidhani nitamkemea mzee, sivyo? Mlishaziandaa amina zenu, mmeanza kumtazama mwenyekiti wetu wa kamati, asiyeachia kiti, kwa jicho la pembeni. Hapana. Mzee huyo ni sisi. Ni wewe uliyeifungia digrii yako kwenye bahasha ya plastiki, unayekwepa harusi za ukoo kwa sababu ya swali moja la shangazi: "Na wewe siku hizi uko wapi?" Dunia hii inakuuliza kazi kabla haijakuuliza jina. Imetuharibu kiasi kwamba hata mbele za Mungu tunakuja kama watu wa interview: Bwana, nimeimba kwaya, nimefagia kanisa, nimefunga siku tatu, tafadhali usiniondoe. Kwani nani kawaambia kwamba maji yake yanangoja mikono yetu? Jua lilikuwa likichomoza kabla babu zetu hawajazaliwa. Hakutuumba kwa kuwa alipungukiwa na wafanyakazi, wapendwa. Alitutaka. Full stop. Na siku mikono yetu itakapotetemeka, siku tutakapokuwa hatufai kwa lolote, bado atatutaka.

Sasa tusiibebe habari hii nyumbani kama pipi. Yule kijana wa benchi la nyuma, mnayemsalimia haraka haraka mkikwepa macho yake, msimuulize kama amepata kazi. Hajapata. Angepata, mngekuwa mmeshamwomba mchango. Muulizeni kama amekula. Kisha mkae chini, mle naye.