Mgongo wa Bwana Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na makalio!
Ya nani?
Ya mwenyewe!

Naam, palikuwa na Bi Pimbi, mama wa makamo, kimo kifupi, ulimi mrefu. Watoto amekwisha kulea, kiuno kimejaa. Shoga yake, Bi Kiboko, naye alikuwa amefika umri ule wa kutokwa jasho bila jua wala kazi.

Akaja Bwana Fisi, jitu la mabavu, anajiita tabibu.

"Mwili wote hutoka mdomoni!" akatangaza. "Mkitaka kupungua, nileteeni vyungu vyenu. Nitawasaidia kula."

Wanawake wakapeleka vyungu. Fisi akala, gubu gubu gubu! Wakapeleka tena. Fisi akala, gubu gubu gubu! Bi Kiboko akakonda mashavu, makalio yakabaki palepale. Asubuhi moja akienda mtoni, puu! Akaanguka kwa njaa.

Uchungu ukampanda Bi Pimbi. Shoga yake afe, Fisi ashibe? Akamwendea mbele ya wanawake wote.

"Tabibu, mwili wote hutoka mdomoni?"

"Wote!"

"Mbona wewe mgongo umeporomoka huko nyuma? Au hujui kula?"

Wanawake wakacheka, kwi kwi kwi! Fisi akavimba kwa hasira.

"Nitaunyoosha! Mtaona!"

"Basi kula mchicha mtupu, na vyungu vyetu tuachie."

Fisi akala mchicha. Tumbo likapungua, mgongo ukakataa. Akala mchicha. Tumbo likabonyea, mgongo ukakataa. Mwisho akaangua kilio.

"Jamani, mgongo huu nimerithi kwa mama!"

"Na makalio haya tumerithi kwa mama zetu!" akajibu Bi Pimbi, kifua mbele. "Tumbo husikia mchicha, mifupa husikia ukoo. Mchicha tutakula, na ugali tutakula, kwenye vyungu vyetu wenyewe!"

Vigelegele vikapigwa. Bi Kiboko, aliyekwisha kushiba, akapita mbele ya Fisi, dindi dindi dindi, akijivunia kila ratili ya ukoo wake.

Ngano yangu imekula, imeshiba, imejilalia. Funzo lake ni hili: msimtii kila anayejiita tabibu, na mwenye makalio makubwa asijinyime chakula. Haya, nipakulieni ugali, tena msinipunje, nisije nikamwaibisha mama yangu.