Ukuta Mweupe wa Bi Chui

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye baraza, na ukipita barazani kwa mtu bila kumwamkia unasemwa mtaa mzima, alikuwapo Kindi mmoja, mjane, fundi wa kupaka rangi nyumba. Mkia wake ndio uliokuwa brashi yake. Alikuwa mdogo, wa kupita chini ya kigoda bila kuinama, lakini ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu.

Nimesema mjane. Mumewe alikwenda chemchemini asubuhi moja kuteka maji, hakurudi. Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka huo mvua ilikataa, visima vikakauka, ikabaki chemchemi moja tu, na njia yake ilikatiza uwanja mtupu mbele ya baraza ya Bi Chui.

Mtaniuliza, sasa hawa wapita njia walikuwa vipofu? Hapana, wanangu. Ukuta wa Bi Chui ulikuwa wa udongo wa manjano, na mwenyewe aliutia madoa ya masizi tangu ujana wake. Akijilaza barazani tuli, humwoni Chui, unaona ukuta. Watu walidhani mwenye nyumba hayupo, wakapita kimya bila hata kuamkia. Halafu sauti inasema, "Karibu," na pu! Habari yako imeishia hapo.

Siku hiyo watoto wa Kindi walikuwa hawajanywa maji tangu jana. Yule mdogo alikuwa ameacha hata kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi. Kindi akachukua kibuyu, akanyata mpaka ukingoni mwa uwanja. Akatazama baraza. Aliona ukuta mtupu, akakimbia kuuvuka uwanja.

Pu! Kiganja kizito kikamkandamiza mgongoni.

"Karibu, fundi," alisema Bi Chui.

"Ahsante, bibi," alisema Kindi kwa pumzi iliyobaki. "Nimeshakaribia."

"Ningekula sasa hivi, ila nina shida. Leo alasiri wakwe zangu wanakuja kuiona nyumba kabla ya harusi ya binti yangu. Nasikia ya Bi Duma uliipaka wewe, na watu hawaishi kuisifu. Niambie, mwaka huu watu wanapaka nini? Wakwe wakiipenda, nakuachia. Akikunja pua hata mmoja wao, wewe ndiye utakuwa kitafunio."

Kindi aliogopa mpaka masikio yakawa ya baridi. Akageuza shingo, akautazama ukuta ule kwa karibu, kwa jicho la ufundi: manjano, madoa, manjano, madoa. Hapo akaelewa mumewe alikufaje. Hasira ikampanda, ikaisukuma hofu pembeni kidogo, akapata nafasi ya kufikiri.

"Mwenyewe nilifikiria rangi ya damu ya mzee," alisema Bi Chui.

"Damu ya mzee ni ya mwaka juzi, bibi."

"Basi rangi ya ugoro, kama ya Bi Duma."

"Ile ya mwaka jana. Tena wakwe watasema umeiga."

"Kijani?"

"Siku hizi wanapakia vyoo."

Bi Chui akatoa kucha moja, akairudisha. "Naona nibaki na hii hii niliyoizoea. Nitakula zangu, niwapokee wageni nimeshiba."

Moyo wa Kindi ulidunda, ndu, ndu, ndu. Alijua hapo ndipo pa kupona au kufa.

"Mwaka huu ni nyeupe," alisema taratibu. "Nyeupe kama maziwa, chini mpaka juu, bila nakshi wala doa."

"Nyeupe inaonyesha kila kitu."

"Ndiyo sifa yake. Bibi, utanisamehe, nasema kama fundi. Hilo vazi ulilovaa mwilini, hakuna mwenzio yeyote hapa aliye nalo. Sasa ukuta wako nao umeuvika hilo hilo! Wakwe wakifika wataona nini? Hawatakuona. Mama wa bibi harusi atapotea kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe."

Bi Chui akajitazama, akautazama na ukuta. Maisha yake yote alikula kwa sababu haonekani, na hakuwahi kulalamika. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, jambo lile lilimuuma.

"Paka," alisema.

Akamfunga Kindi kamba kiunoni, ncha ya pili akaishika mwenyewe. Kindi akajaza kibuyu, akachimba udongo mweupe pembeni mwa chemchemi, akauponda, akauchanganya na ute wa bamia ili ushike, akachovya mkia. Shwa, shwa, shwa. Maji alikuwa nayo pale pale, yamejaa kibuyu, na watoto wake wanakauka upande wa pili wa uwanja. Akasema moyoni, nikiharakisha rangi itapauka, nikichelewa mwanangu atazimia. Akapaka huku machozi yanamtoka, na Bi Chui akadhani ni rangi imemwingia machoni.

Mkono wa kwanza wa rangi ukakauka, akapiga wa pili. Ukuta ukang'aa.

Hapo akatokea Bwana Fisi, jirani, ambaye mifupa yote anayokula ni ile inayobaki barazani kwa Bi Chui. Alifika anahema.

"Jirani, umefanya nini?" aliuliza. "Nimekuona toka kule kwenye kichuguu. Nimekuona mkia, nimekuona masharubu, madoa yako ningeweza kuyahesabu."

Kamba ikaanza kuvutwa. Kindi aliiona ikikaza kidogo kidogo, akajikuta anateleza kuelekea kwenye kucha. Angelia wakati huo, ingekuwa amekiri hila yake.

"Bwana Fisi," alisema, "shikamoo. Umekaa jirani na Bi Chui tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na ulipomwona toka kule kichuguuni, ukamwonaje?"

Fisi akamtazama Bi Chui, akatazama meno yake. Nani angethubutu kusema vingine? "Nilimwona... amependeza."

Kindi akamgeukia Bi Chui. "Umesikia, bibi? Jirani wa kuzaliwa naye, leo ndiyo kwanza anakwambia umependeza."

Kamba ikalegea. Bi Chui akaunyoosha mgongo mbele ya ukuta mweupe, akageuka upande huu, akageuka na ule.

"Lakini tutakula nini?" alisema Fisi. "Fikiri, jirani. Ukionekana hivi, nani atasogea hapa?"

"Wewe kila siku tumbo, tumbo. Ndiyo maana hualikwi harusini. Niondokee."

Alasiri wakwe wakafika. Mkwe mwenyewe, mama wa bwana harusi, chui mkubwa mwenye kilemba cha zari, alisimama katikati ya uwanja, akautazama ukuta. Akatazama juu. Akatazama chini. Kindi, kamba kiunoni, alimkodolea macho. Alimwona mkwe yule anainua pua.

"Mkwe wangu," alisema mgeni yule, "tangu kule kwenye kichuguu nimekuwa nikimwambia mume wangu, yule ndiye mama mkwe wa mwanetu, mtazame alivyong'ara. Sisi kwetu bado tuna madoa ukutani kama watu wa zamani. Fundi wako ni nani?"

Vigelegele vikapigwa. Bi Chui alifurahi mpaka akasahau ameshika nini mkononi, na kamba ikaanguka, tii. Kindi hakungoja kuulizwa jina. Alinyakua kibuyu akapotea. Watoto walikunywa, na yule mdogo alipopata pumzi akaanza kulia kwa sauti kubwa, na mama yake hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Kesho yake akapita mti kwa mti akiwaambia wenzake, "Kabla ya kushuka chemchemini, simameni kichuguuni mtazame ukuta. Ukiwa mweupe wote, shukeni mkateke. Mkiona madoa, ngojeni."

Ikawa hivyo. Bi Chui alijilaza barazani, tuli, pumzi ameibana. Swala wakasimama mbali. "Shikamoo, Bi Chui! Umependeza leo." Naye, kwa kuwa ni mwungwana na watu wanatazama, ilimbidi aitikie, "Marahaba." Wakaja kanga, wakamwamkia toka kule kule. Wakaja ngiri na watoto wao, wakamwamkia. Hajapata kuamkiwa vile tangu azaliwe. Alipoingia ndani kujinyoosha, wote wakashuka, chubwi, chubwi, wakateka maji na kwenda zao.

Fisi akahamia kwa jirani mwingine. Mbavu za Bi Chui zikaanza kuonekana nazo, pamoja na madoa. Mwisho akasimama barazani akaita, na Kindi akamjibu toka juu kabisa ya mti.

"Fundi, njoo unirudishie manjano yangu."

"Hilo halina shida, bibi. Tena rangi yenyewe rahisi. Nilikuwa nawaza tu mkwe wako. Ile nyumba yake nasikia ameshaipaka nyeupe yote, na mashoga zake vile vile. Akirudi akaikuta yako ya manjano na madoa, atasemaje?"

Bi Chui akautazama ukuta. Tumbo lake likanguruma, ngruu, hata Kindi kule juu akalisikia. Akatazama njia wanayokuja nayo wageni.

"Basi acha," alisema. "Ila pale kwenye kona naona pamechubuka kidogo. Ungenipigia mkono mmoja tena."

Hadithi yangu imefika barazani, na sisogei tena. Ninyi mnaojenga kesho, kabla ya kuuliza mwaka huu watu wanapaka nini, jiulizeni kwanza nyumba yenu inawalisha nini.