Fungate ya Kamati

Wapendwa, kaeni vizuri. Na simu zenu mzizime, maana mfano wa leo wenyewe una simu za kutosha.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, mwenye binti mmoja tu. Mama hodari. Mnamjua mama wa namna hii, kila usharika unaye, na wengine wamekaa hapa mbele kabisa wananiangalia. Ni yule ambaye msiba ukitokea, wewe unatafuta viatu, yeye ameshakodi maturubai. Ukimpa jambo, hesabu limekwisha. Ukitaka kumnyang'anya hilo jambo, mmekosana.

Binti yake akapata mchumba, kijana mpole, fundi wa mafriji, asiye na maneno mengi. Mama akaunda kamati ya harusi, akajichagua kuwa mwenyekiti, na wajumbe wakapiga makofi kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana naye. Harusi ikafana. Watu wakala, wakacheza, wakasahau viatu ukumbini. Maharusi wakahamia nyumba yao ya kupanga, mtaa wa pili tu kutoka kwa mama.

Sasa sote tunajua desturi. Harusi ikiisha, kamati inavunjwa. Wajumbe wanakutana mara ya mwisho, wanakula nyama choma, wanapongezana, kila mtu anarudi kwake kufanya kazi zake. Mama yule, siku ya kuvunja kamati, akasimama na kipaza sauti mkononi akasema, "Ndugu wajumbe, asanteni sana. Lakini kamati haivunjwi. Watoto hawajaenda fungate."

Watu wakaangaliana. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Fungate wapi, Mama Mwenyekiti?"

"Ulaya," akasema mama.

Msianze kumhukumu. Mama huyu alipoolewa, fungate yake ilikuwa jikoni kwa mama mkwe wake. Asubuhi ya kwanza tu ya ndoa aliamshwa kuchambua mchele, na akaendelea kuuchambua mpaka alipopata mtoto. Alimwagia machozi ungo ule. Akaapa kwamba akijaliwa binti, huyo binti hatachambua mchele wa mtu. Atapanda ndege, ataona theluji, atakula chakula ambacho hakukipika. Hayo yalikuwa mapenzi, na mapenzi hasa. Hakuna mtu hapa anayeweza kusema mama yule hakumpenda mwanawe.

Basi kamati ikakaa kupanga ratiba ya Ulaya. Na mnajua kamati zetu zikikaa.

Mama alisema waanzie Roma. Mjumbe mmoja akainua mkono, "Roma nina dada yangu, ni mtawa, hatujaonana miaka. Wampelekee kitenge." Ikaandikwa. Mama akakumbuka ana mjomba Hamburg, ambaye akisikia watoto wamepita Ulaya bila kumsalimia, ukoo mzima utalaaniwa. Ikaandikwa. Paris kuna mnara, wapige picha, na kwa kuwa watakuwa pale, kuna mtoto wa jirani anasoma huko, maskini anatamani dagaa. Uswisi wakaone theluji, halafu wapitie kwa yule mzungu aliyewahi kufundisha shule ya sekondari ya mtaani kwetu, wampe unga wa muhogo, aliupenda sana. Hakuna mji uliobaki bila mtu wa kusalimiwa, na hakuna mtu aliyebaki bila furushi lake. Mabegi yakajaa. Nguo za maharusi zikatafutiwa mahali katikati ya dagaa.

Binti alijaribu. Jioni moja alikuja kwa mama yake, akakaa kitako, akasema, "Mama, mimi na mwenzangu tulikuwa tunafikiria..."

"Mtafikiria mkirudi," akasema mama. "Umeshonesha koti?"

Na mkwe? Hapo sasa. Kwa desturi za kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Chakula wanakula mbalimbali. Kuzungumza naye habari za chumba ni aibu isiyosemeka. Mama aliishika desturi hiyo sawasawa, hakuna mtu angemlaumu. Lakini aibu hiyo hiyo haikumzuia kukaa ukumbini na wajumbe, wake kwa waume, wakajadili kitanda cha hoteli ya Paris kiwe cha ukubwa gani!

Mnacheka. Mzee mmoja wa kamati naye alicheka, halafu akauliza swali la maana pekee lililoulizwa katika vikao vyote vile. "Mama Mwenyekiti, huyu mkwe wetu yeye anapenda nini?"

Mama akashangaa. "Mkwe haulizwi, mzee. Mkwe anaheshimiwa."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, ratiba ikapitishwa.

Lakini mama hakuwa na raha. Alikuwa akipandwa na hasira kila siku. Amehangaika, ameumwa kichwa, amegombana na wakala wa ndege, amewabembeleza watu wachange, na wale watoto wanamjibu "sawa, mama," "haya, mama," kama watu wanaopelekwa kuchomwa sindano! Akimwuliza binti kama amefurahi, binti anasema amefurahi, huku anaangalia pembeni. Walipotoka ubalozini kuomba viza, aliwapigia simu kabla hawajafika barabarani. "Imekuwaje?" Binti akasema, "Mambo yamekwisha, mama." Basi. Hata shangwe hakuna. Mama akakata simu, akamwambia jirani yake, "Watoto wa siku hizi hawana shukrani. Ningepelekwa mimi Ulaya ningelala getini uwanja wa ndege kwa furaha!"

Siku ya safari kamati nzima ilikwenda uwanja wa ndege, imevaa sare. Vigelegele, picha, sala. Mchungaji aliyeomba hakuwa mimi, msiniangalie. Maharusi wakasukuma mabegi yao, wakapunga mkono, wakapotelea ndani. Mama akalia kidogo. Akarudi nyumbani, akabandika ratiba ukutani, akakaa karibu nayo, simu mkononi.

"Mmefika Roma?"

"Tumefika, mama."

"Mmemwona mtawa?"

"Bado. Kuna baridi sana."

"Mbona nasikia jogoo anawika?"

"Ni mlio wa simu ya mtu, mama. Wazungu nao wana mambo yao."

Mama akaamini, lakini akanuna. Picha haziji. Theluji haionekani. Akiuliza wamekula nini, anaambiwa "vyakula vya huku." Halafu mjomba wa Hamburg akapiga simu, sauti juu, "Wageni wako wapi? Nimepika, chakula kimepoa!" Mama akataka kupasuka. Akampigia binti yake, akamfokea, "Ratiba inasema leo Hamburg! Unataka kuniaibisha kwa ukoo? Mimi nimewafanyia kila kitu, kazi yenu ni kufika tu, hata kufika kunawashinda?"

Simu ikazimwa.

Wapendwa, kuna hasira ya mtu mbaya, na kuna hasira ya mtu mwema aliyejitolea bila kuombwa. Hiyo ya pili ndiyo inayovunja nyumba, maana mwenye nayo anajiona ana haki.

Mchana ule mvua ikanyesha. Mama akakumbuka kwamba nyumba ya maharusi ina dirisha la jikoni lisilofunga vizuri. Alikuwa na ufunguo wa akiba. Alijichongeshea mwenyewe, wala hakumwambia mtu. Akachukua mwavuli, akaenda mtaa wa pili, akafungua mlango, akaingia.

Akiwa bado kwenye kibaraza cha ndani, akasikia sauti ya mwanamume sebuleni. Sauti nzito, ya kuchekesha, inasimulia habari za mteja aliyeleta friji litengenezwe likiwa na samaki ndani. Na akasikia mtu anacheka, anacheka mpaka anakohoa, anasema, "Acha, acha, nitakufa!" Mama alikuwa hajakisikia kicheko hicho cha mwanawe tangu kamati ilipoundwa. Ile sauti ya mwanamume hakuijua kabisa. Akafikiri, Mungu wangu, binti yangu yuko na nani?

Akachungulia. Alikuwa mkwe wake. Yule asiye na maneno.

Walikuwa wamekaa mkekani, sufuria la wali katikati, mapazia yameshushwa. Pembeni yamepangwa mafurushi yote, kitenge, dagaa, unga, yakiwa yamefungwa vilevile. Walipomwona, kicheko kikakatika.

"Hii ndiyo Hamburg?" akauliza mama.

Mkwe akainama, akaangalia mkeka. Binti akasimama, akasema yote. "Mama, kule ubalozini yule mama wa dirishani alituuliza tunakwenda kufanya nini. Mwenzangu akamweleza kweli. Roma tunapeleka kitenge, Hamburg tunamsalimia mjomba, Paris tunapeleka dagaa, Uswisi tunapeleka unga. Yule mama akasoma ratiba yote, akatuuliza, 'Na hiyo fungate yenu ni lini?' Tukaangaliana. Viza tukanyimwa. Kule uwanja wa ndege tulijificha ndani mpaka mkaondoka, tukarudi usiku. Tiketi hatukulipia, nauli mliyotukabidhi ipo yote, tutairudisha."

"Si mngeniambia!"

"Tungekuambia, ungeitisha kikao."

"Kwa hiyo mkaona mnidanganye? Mimi? Mimi niliyelia mbele za watu uwanja wa ndege? Nimewakosea nini?"

Hapo mkwe akazungumza. Mara ya kwanza maishani mwake kuzungumza na mama mkwe wake, na macho hakuyainua. "Mama, tumekosa, utusamehe. Lakini siku zilikuwa zimebaki chache tu. Tunaomba tumalizie."

Hakufoka wala hakujitetea. Aliomba tu, kama mtu anayeomba maji kwa mwenye kisima. Na wapendwa, maneno hayo yalimkata mama kuliko uongo wote wa Roma. Akajiangalia alivyosimama katikati ya sebule ya watu, amelowa, mwavuli unachuruzika kwenye mkeka wao, ufunguo mkononi. Akamkumbuka mama mkwe wake. Mwanamke yule naye alikuwa na desturi ya kufungua mlango wa chumba chao bila kubisha, kwa sababu nyumba ilikuwa ya mwanawe na mchele ulikuwa unangoja. Naye pia alikuwa akisema anafanya yote kwa mapenzi.

Mama akageuka. Akatoka nje, akavuta mlango, akaufunga. Akauinamia, akausukuma ule ufunguo ndani kupitia chini ya mlango. Halafu akasimama kwenye mvua, akasema, "Hodi."

Akabisha tena.

"Hodi, wenyewe."

Alingoja. Hakujua atajibiwa nini, na hali hiyo ilikuwa ngeni kwake. Kisha sauti ya binti yake ikatoka ndani, ya upole, ya woga bado, "Mama, tunakupenda. Njoo Jumapili."

Mama mwenyekiti, aliyekuwa hajawahi kuambiwa hapana na mtu yeyote mtaani, akafungua mwavuli wake. "Haya, wanangu," akasema. "Jumapili." Akaenda zake nyumbani.

Sasa, sisi. Maana naona wengine mnamtafuta mama huyu kwa macho, mnaangalia kulia na kushoto. Acheni. Angalia viatu vyako mwenyewe.

Baba, umemchagulia mwanao masomo, ukamlipia, na sasa unalalamika hasomi kwa moyo. Ulimuuliza lini? Mke, umempangia mumeo likizo yake yote kwa ndugu zako. Mume, ndiyo, wewe unayecheka, umenunua kiwanja upande ambao mkeo hataki hata kupita, ukamwambia ni zawadi. Sisi wazee wa usharika tunawapangia vijana semina kuhusu mambo yao, na vijana wenyewe tunawaita siku ya kupanga viti. Halafu tunachoka! Tunakasirika! Tunasema watu hawana shukrani. Ndugu zangu, tunataka washukuru kwa safari ambayo ni yetu.

Na wengine mmeanza kubisha hodi, ni kweli, lakini mnabisha huku mkono umeshashika kitasa. Mnauliza, "Unaonaje, mwanangu?" na jibu mnalo mfukoni. Hodi ni ile ambayo wa ndani anaweza kusema, "Siyo leo," na wewe ukaondoka bila kinyongo. Ukienda nyumbani leo, kuna mtu utampigia simu. Muulize anapenda nini. Halafu nyamaza. Usimmalizie sentensi yake, usikohoe kwa kumharakisha. Nyamaza, mama. Nyamaza, baba, najua ni vigumu.

Maana kuna Mmoja aliyekuumba, anayejua kila chumba cha moyo wako na kila kitu ulichofungia humo. Angetaka, angeingia. Yeye husimama nje anabisha, na wewe ukikaa kimya mwaka mzima, hasukumi mlango. Sasa sisi wenzangu, hizi funguo za akiba tulizojichongeshea, nani alitupa ruhusa?