Kwa Nini Wafiwa Hunyoa Vichwa

Zamani, kabla kisu hakijagusa kichwa cha mtu, nywele hazikukatwa kabisa. Mtu alizaliwa nazo, zikarefuka, zikasukwa, akazikwa nazo. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzikata, kila mtu alijua, yaani alijua kabisa bila kuona, kwamba zikikatwa hazioti tena.

Wakati huo aliishi mama mmoja kijana, Nakijwa, mfuma vikapu, pamoja na binti yake Mkunde, na nyumba ya pili alikaa mdogo wake, Nankondo. Huyu Nankondo alishikwa na uvimbe wa ziwa. Dawa aliyopewa ilikuwa kali, ilipigana na uvimbe ikaangusha na nywele, zote, hata nyusi. Basi hakutoka tena. Kichwa kitupu hakikuwa kimeonekana juani hata siku moja, watoto wangekimbia, watu wazima wangegeuza nyuso, na yeye alipenda mno kukaa uani na wenzake wakipepeta ulezi.

Mkunde peke yake aliingia kwake bila woga.

"Shika, shika," mama mdogo alimwambia akimwinamishia kichwa. "Yai la kanga hili. Ukilibonyeza sana litaanguliwa."

"Litatoa nini?"

"Kifaranga chenye mdomo kama wako!"

Wakacheka. Kisha Nankondo akasema taratibu, "Ningepata hata kofia yenye nywele, ningetoka leo hii."

Mtoto alirudi nyumbani mbio. "Mama, nikate zangu! Wewe unajua kufuma, fuma kofia ya ukindu uzishone humo, mama mdogo akakae nje."

Nakijwa aliogopa. Aliogopa mambo mengi kwa mpigo, kwamba mtoto atabaki na kipara maisha yake yote, kwamba hataolewa, kwamba ugonjwa utazifuata nywele mpaka kwenye kichwa zilikotoka, kwamba atampoteza mdogo wake na mtoto pia.

"Hazioti tena, mwanangu."

"Nani alikata akaona?"

"Nyamaza! Usinijibu!"

Baadaye akasema wangoje, labda mwili utaizoea dawa, labda zitarudi zenyewe. Akampelekea mdogo wake uji, akampelekea maziwa, akamsugua miguu, akampa kila kitu isipokuwa kile alichokitaka.

Nankondo alifia ndani, mlango umerudishwa, huku wenzake wakipepeta ulezi uani na vicheko vyao vikimfikia kitandani.

Kaburini Nakijwa alichomoa kisu cha kukatia ukindu, akakata nywele zake zote mpaka kwenye ngozi, akazilaza juu ya kichwa cha mdogo wake. "Pokea, mdogo wangu. Pokea basi." Akarudi nyumbani na kipara chake, na hakukifunika, aliona ndiyo haki yake mpaka kufa.

Kisha siku moja Mkunde aliegemeza shavu kichwani kwa mama yake, akaruka. "Mama, unachoma!"

Nakijwa akapapasa. Zilikuwa zinaota, fupi, ngumu, kichwa kizima. Majirani walikuja kushika wakishangilia, wakamwambia ashukuru, lakini yeye alikaa chini akalia kuliko alivyolia kaburini, kwa maana sasa alijua kwamba alichomnyima mdogo wake kingerudi chenyewe.

Na tangu siku hiyo, mtu akifa, walio wake hunyoa vichwa. Husemwa ni desturi ya msiba, basi. Kumbe ni nywele zilizochelewa kufika. Na mtoto akimwambia mama yake, nikate zangu nimpe mgonjwa, mama huogopa vilevile, lakini hukata, wakati mgonjwa bado yupo, bado anaweza kuivaa kofia yake, akageuka mlangoni akauliza, "Nimependeza?"